Sura ya Tano: Shilingi Tatu Katika Elfu

Njia kuu ya umeme ya msongo wa kilovoti 400 huanzia Iringa, hupita Dodoma na Singida, na baada ya kilomita 670 hivi inafika Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga. Kwenye kituo cha kupoza umeme cha hapo ndipo nguvu hiyo inapogawanywa, na sehemu yake hufuata nyaya za kilovoti 220 kwenda Bulyanhulu, kwenye mgodi wa dhahabu. Kiwanja cha ndege cha Shinyanga nacho kiko kata hiyo hiyo. Ukishika barabara ya Mwanza unafika Maganzo, mlango wa Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Ukielekea magharibi unakwenda Kahama, na mbele ya Kahama ni Geita.

Ibadakuli yenyewe haina mgodi. Watu wake wengi wanalima, wanafuga na wanafanya biashara ndogondogo, kama jirani zao wa Usukuma mzima. Ndiyo maana nimeichagua kata hii badala ya Geita mjini au Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Mtoto wa Ibadakuli amezaliwa pembeni mwa njia inayopitisha mali ya nchi, na swali la sura hii ni hili: katika mali hiyo kipo kiasi gani ambacho sheria imekitaja kuwa ni chake? Siulizi juu ya msaada, wala ahadi ya jukwaani, wala agizo la kiongozi aliyepita kwa ziara. Nauliza juu ya fungu lililoandikwa, linaloweza kudaiwa.

Nchini Marekani majimbo mengi huwauliza wapiga kura wenyewe maswali ya namna hii. Novemba 2022 wananchi wa New Mexico, jimbo linalotegemea sana mafuta na gesi, walikuta kwenye karatasi ya kura swali la kurekebisha katiba ya jimbo lao. Jimbo hilo lina mfuko wa kudumu unaotunishwa na mapato ya ardhi ya umma, hasa mrabaha wa mafuta na gesi. Mtaji hauguswi, kinachotumika ni sehemu ndogo ya thamani yake kila mwaka. Wananchi waliulizwa kama wanakubali asilimia 1.25 zaidi itolewe kila mwaka, sehemu kubwa iende kwenye malezi na elimu ya watoto wadogo, na inayobaki iende shule za umma. Takriban watu 7 katika kila 10 walikubali. Wanaharakati walikuwa wamelipigania jambo hilo kwa miaka kama kumi, wakikataliwa bungeni mara kwa mara, mpaka likaingia kwenye sanduku la kura.

Mtanzania hajawahi kuulizwa hivyo. Amelipia elimu ya watoto kwa njia nyingi, pengine nyingi kuliko mkazi wa New Mexico, ila kila mara alikuta uamuzi umeshafanywa.

Watu wa Shinyanga waliokuwa wazima kabla ya mwaka 2003 wanaikumbuka kodi ya maendeleo. Ilikuja baada ya serikali za mitaa kurejeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilimdai kila mtu mzima kwa kichwa chake, awe na ng'ombe mia au awe na jembe tu. Mgambo walisimama kwenye njia za kwenda mnadani. Stakabadhi ilikunjwa vizuri na kuwekwa mfuko wa shati, kwa sababu kutoka nyumbani bila hiyo ilikuwa kujitafutia balaa. Siku za msako wanaume walilala mashambani. Halmashauri ndizo zilizokuwa na dhamana ya shule za msingi, kwa hiyo kodi ile ilikuwa na uhusiano na watoto. Lakini mzee aliyefukuzwa gulioni hakuonyeshwa hata siku moja darasa lililotokana na jasho lake. Kodi ilikusanywa kwa nguvu na hesabu yake haikurudi kijijini.

Serikali ya Benjamin Mkapa iliifuta mwaka 2003, pamoja na utitiri wa ushuru mdogomdogo uliokuwa ukiwasumbua wakulima. Ilikuwa haki kabisa kuifuta. Fidia ya pengo hilo ikaja kwa njia ya ruzuku kutoka Hazina, na hapo ndipo jambo la pili lilipotokea kimyakimya. Halmashauri iliyokuwa ikimtafuta mwananchi kichakani ikawa inaitazama Dodoma na Dar es Salaam. Mwananchi naye akakoma kuuliza, maana hela hazikuwa zake tena machoni pake.

Elimu ilipita njia inayofanana na hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto asome ifikapo 1977, na shule zikajaa. Kisha uchumi ukaanguka, na katika miaka ya 1980 mchango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ukaanza kudaiwa kwa wazazi. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani. Ada hiyo ilifutwa kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza rasmi mwaka 2002, na matokeo yake yalionekana haraka. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001 walizidi milioni 7.5 mwaka 2005. Sijui takwimu nyingine katika historia ya nchi hii inayoeleza waziwazi zaidi ada ndogo inavyoweza kumzuia mtoto. Walioingia hawakuwa wote wa miaka saba. Wengi walikuwa wakubwa, waliosubiri nyumbani kwa sababu ya kiasi cha fedha ambacho mtu wa mjini angekitumia kwa chakula cha siku.

MMEM ilikuja na ruzuku kwa kila mwanafunzi, iliyokadiriwa kuwa Dola 10 za Marekani kwa mwaka, na ikawekwa kuwa Sh 10,000. Wakati huo kiasi hicho kilikaribia kweli Dola 10. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016, Sh 10,000 ilikuwa ileile. Katika hiyo, Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule. Gawanya kwa miezi 12, unapata Sh 500 kwa mwezi. Shule yenye watoto 800 inapokea Sh 400,000 kwa mwezi, na hapo mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi za mitihani, akarabati madawati, alipie michezo na shughuli za ofisi. Kumpelekea fedha moja kwa moja lilikuwa jambo jema, kwa sababu zamani ziliishia njiani. Ila shilingi imeshuka thamani na kiwango kikaachwa kama kilivyokuwa. Hakuna aliyepiga kura ya kumpunguzia mtoto fungu lake. Lilipungua lenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hakuna sheria iliyolifunga kwenye bei ya vitu.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Mwalimu asishike hela ya mzazi, na mwenye kutaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wazazi wengi walishukuru, na walikuwa na sababu, maana michango ilikuwa imezidi na watoto walikuwa wakitolewa darasani kwa ajili ya ulinzi, mitihani ya majaribio na mengineyo. Katika vijiji vingi hata hivyo maboma yalibaki yamesimama. Utaratibu wetu wa miaka mingi ni kwamba wananchi wananyanyua boma hadi usawa wa lenta, kisha halmashauri inapaua na kumalizia. Wananchi walileta mchanga, mawe, maji na siku zao za kazi. Halmashauri ikachelewa, na mvua zikanyesha juu ya kuta.

Halafu ikaja tozo ya miamala ya simu, Julai 2021. Kama ningeulizwa ni lini Tanzania ilikaribia zaidi kodi ya watoto ya kupigiwa kura, ningejibu ni mwaka huo, isipokuwa kura yenyewe haikuwepo. Serikali ilisema tangu mwanzo kwamba fedha hizo zinakwenda kwenye madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini, na kweli majengo yalisimama. Tarafa zilizokuwa hazina kituo cha afya zilipata. Lakini tozo ilimkata mtu kila alipotuma na kila alipotoa, na wanaotuma fedha mara nyingi kwa viasi vidogo ndio hao hao wanaolea. Mama anayeuza mboga Ibadakuli alitumiwa hela ya sare na kijana wake aliyeko machimboni Geita, na sare ikakatwa tozo ili darasa lijengwe. Malalamiko yalikuwa makubwa. Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 vikapunguzwa tena na baadhi ya tozo kuondolewa, na mwaka wa fedha 2023/24 tozo ya kutuma fedha ikafutwa.

Siamini kwamba Watanzania waliikataa tozo kwa sababu hawapendi watoto wao wasome. Waliikataa kwa sababu ilipita bungeni upesi bila kuulizwa, ikawagusa wadogo kwa uzito, na hesabu yake walisomewa na mawaziri kwenye televisheni badala ya kubandikwa kwenye ubao wa shule yao. Mwaka huo huo wa 2021 mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Sh trilioni 1.3 ulijenga madarasa 15,000, ambayo 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, na kila mtu alijua bei ya darasa moja: Sh milioni 20. Mwananchi aliyeijua bei hiyo alikwenda kulitazama jengo na kuuliza kama saruji ilitosha.

Sasa tuje kwenye dhahabu.

Masoko ya madini yalianza kufunguliwa mwaka 2019, la kwanza likiwa la Geita mwezi Machi. Mchimbaji mdogo aliyepeleka dhahabu yake sokoni alijifunza haraka hesabu ya makato: mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, ushuru wa huduma asilimia 0.3. Viwango viwili vya kwanza vilitokana na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, na migodi mikubwa nayo imekuwa ikitozwa. Weka hesabu hiyo ya wakati huo kwenye shilingi elfu moja ya dhahabu. Sh 60 ni za mrabaha, zinakwenda Hazina. Sh 10 ni za ukaguzi, nazo zinakwenda Hazina. Sh 3 zinabaki kwa halmashauri ambayo ardhi yake imechimbwa.

Hizo shilingi tatu nazo zilichukua muda kupatikana. Mikataba ya uendelezaji wa migodi iliyosainiwa miaka ya 1990 iliweka kikomo: mgodi ulipe halmashauri Dola 200,000 kwa mwaka, iwe dhahabu imepanda au imeshuka, iwe umeuza kidogo au umeuza sana. Geita ililipwa hivyo, na Kahama ililipwa hivyo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilikuwa tayari inaruhusu ushuru wa asilimia 0.3 ya mauzo, lakini mkataba ulikuwa na nguvu kuliko sheria ndogo ya madiwani. Ilipofika katikati ya miaka ya 2010 ndipo malipo yalipogeuzwa kuwa asilimia kamili. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Geita mwaka 2000, mgodi wa dhahabu wa Geita, GGM, ulipoanza uzalishaji, alimaliza shule yake yote ya msingi na ya sekondari chini ya kikomo kile.

Ziko pia fedha za uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Tangu marekebisho ya mwaka 2017 mgodi unatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka na kukubaliana na halmashauri husika. GGM imekuwa ikitenga Sh bilioni 9.2 hivi kwa mwaka tangu 2018 kwa halmashauri za Geita. Hata kabla ya sheria hiyo kampuni ilijenga Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu mjini Geita, na kuchangia kituo cha watoto yatima cha Moyo wa Huruma kinachosimamiwa na Jimbo Katoliki la Geita. Nyankumbu ni shule nzuri, na binti anayelala kwenye bweni salama hana haja ya kusikia falsafa ya kodi. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake karibu 6 katika kila 10 wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Bweni huko ni ngao.

Hata hivyo msaada unafuata moyo wa mtoaji na uhai wa mgodi. Buzwagi, pale Kahama, ulisimama mwaka 2021 baada ya miaka kama 12 ya uzalishaji. Watoto waliozaliwa mwaka ulipofunguliwa walikuwa ndio kwanza wanamaliza shule ya msingi. Ukiangalia ramani kuanzia Mwadui hadi Nyarugusu, mkoani Geita, utaona mashimo ya umri mbalimbali, mengine yanafanya kazi, mengine yamejaa maji, na kandokando yake watoto wanaochenjua mchanga kwa zebaki. Shirika la Human Rights Watch liliandika juu yao mwaka 2013, likitaja Geita, Shinyanga na Mbeya. Walikuwa wakichimba mali ambayo mrabaha wake wote unakwenda Hazina, na sheria haitaji popote kwamba sehemu ya mrabaha huo ni ya kuwarudisha shuleni.

Jirani zetu wameandika. Sheria ya madini ya Kenya ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayozunguka mgodi. Kongo, nchi ambayo tumezoea kuitaja tukizungumzia vita na utoroshaji wa madini, iliandika zaidi mwaka 2018: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya eneo lenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kuandika si kulipa, na watu wa Kolwezi kule Kongo au wa Kwale kule Kenya wanaweza kukueleza kwa kirefu namna fedha zilivyochelewa. Lakini aliyeandikiwa anaweza kwenda mahakamani, na ambaye hakuandikiwa atabaki kuomba.

Usukuma ulikuwa na mfuko wa kudumu kabla New Mexico haijawa jimbo. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaota na miti ikachipua, kisha likafunguliwa kwa hatua wakati wa kiangazi, sehemu baada ya sehemu, ili ng'ombe na ndama wavuke miezi migumu. Ziko ngitili za familia na ziko za kijiji. Kanuni zake ziliwekwa na dagashida, baraza la wanajamii wote, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Miti ilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza ili kuondoa mbung'o na baadaye kwa kilimo cha pamba, na watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya miaka ya 1970, hivyo ngitili zikakaribia kwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuleta utaratibu mpya wa kigeni. Uliwarudishia watu wa Shinyanga utaratibu wao. Ndani ya miaka isiyozidi ishirini zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefunikwa tena na majani na miti.

Sehemu inayonigusa katika historia hiyo ni ndogo na haisimuliwi sana. Vijiji viliuza nyasi za kuezekea, nguzo na kuni kutoka ngitili za pamoja, na mkutano ukaamua fedha ziende wapi. Mara nyingi zilikwenda shuleni: kwenye madarasa, nyumba ya mwalimu, madawati. Hiyo ndiyo kodi ya watoto iliyopigiwa kura, katika mkoa wa Shinyanga, bila wataalamu wa kampeni. Mtaji ulikuwa ardhi yenyewe na haukuliwa. Kilichotumika ni mazao yake ya mwaka. Kila mkazi alijua kilichouzwa kwa sababu alikiona kikibebwa na mkokoteni, na alijua kilichonunuliwa kwa sababu mwanawe alikikalia. Dhahabu haioti tena kama majani, na kwa hiyo inahitaji kufungiwa mtaji mapema zaidi, wakati mgodi ungali hai.

Hapa Ibadakuli kura ya namna hiyo ina kikwazo ambacho wengi hawakijui. Kijiji, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, ni chombo chenye hadhi kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera za kijiji, na halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikiwemo ya kuchangia shule, halmashauri ya wilaya ikiidhinisha. Mtaa wa mjini, ulio chini ya Sheria Namba 8 ya mwaka huo huo, hauna uwezo huo. Wakazi wanakutana, wanasikia taarifa, wanatoa maoni, na mamlaka ya kutoza yanabaki kwa Baraza la Madiwani la Manispaa. Kwa hiyo mkulima wa kijiji cha Kishapu anaweza kujiwekea kodi ya shule kwa kunyoosha mkono, na mkulima wa mtaa wa Ibadakuli, mwenye jembe lile lile na mvua zile zile, hawezi, kwa sababu mpaka wa mji ulichorwa ukamweka ndani.

Analoweza ni kukaa kwenye kikao cha wazazi shuleni na kukubaliana juu ya chakula. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2021 unawataka wazazi na jamii wawe nguzo ya chakula cha wanafunzi. Wazazi wanakubaliana kila mtoto alete mahindi kiasi fulani, maharage kiasi fulani, na hela kidogo ya mpishi, kuni na maji. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo, na siku zote kuna mama mmoja nyuma anayesubiri wanaume wamalize, halafu anauliza: "Mwenyekiti, mahindi ya mwaka jana yaliishaje kabla ya Agosti?" Wajumbe wanatikisa vichwa. Swali hilo lina thamani kuliko hotuba nyingi nilizosikia juu ya elimu.

Tatizo ni kwamba debe ni debe. Mwenye lori na mjane mwenye robo heka wanaleta sawasawa, na mtoto wa asiyeleta anakaa chini ya mti wenzake wakila. Ni kodi ya kichwa iliyofutwa mwaka 2003, imerudi kupitia mlango wa jikoni. Novemba ile ile ya 2022 wapiga kura wa Colorado walikubali kwamba chakula cha shule kiwe bure kwa watoto wote, na gharama wabebe wenye kipato cha Dola 300,000 na zaidi kwa mwaka, kwa kupunguziwa nafuu zao za kodi. Watoto walioketi kula walizidi makadirio na mfuko ukapungukiwa. Nautaja upungufu huo makusudi. Kura haijazi sufuria peke yake. California nayo iliongeza ushuru wa sigara mwaka 1998, senti 50 kwa pakiti, kwa ajili ya watoto wenye umri wa hadi miaka mitano. Watu wakapunguza kuvuta, jambo ambalo ni la heri, na fedha za watoto zikapungua pamoja na moshi. Sisi wenyewe tuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayokatwa kwenye malipo ya mishahara kwa jina la mafunzo. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyofika VETA, mamlaka ya mafunzo hayo, na theluthi mbili zikaenda kwingine. Fungu lisilofungwa kwa sheria iliyo wazi hugeuzwa njia, na fungu lililofungwa kwenye chanzo kinachokauka hukauka nacho.

Pamoja na hayo yote nashika msimamo wangu kwamba mtoto afungiwe fungu, na sababu yangu kubwa ni ile asilimia 10 ya mikopo ya halmashauri. Tangu miaka ya 1990 halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake na vijana. Lilikuwa agizo. Mwaka baada ya mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliandika kwamba halmashauri hizi na hizi hazikutenga, au zilitenga pungufu. Mwaka 2018 kikaongezwa kifungu cha 37A kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ina matatizo yake, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa kwa utaratibu mwingine, lakini tangu siku ile mkurugenzi asiyetenga anavunja sheria, na diwani wa Ibadakuli anaweza kumsimamisha kwenye kikao na kumsomea kifungu.

Mtoto yuko pale walipokuwa wanawake na vijana kabla ya 2018. Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alisaini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zikatakiwa kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni jambo jema na limeokoa watoto. Bado ni agizo. Halmashauri ikibanwa na bajeti, Sh 1,000 ya mtoto ndiyo rahisi kuahirishwa, kwa sababu mwenyewe hana kura, hana kikundi kilichosajiliwa, wala hawezi kusimama kwenye mkutano wa mtaa.

Hakuna sheria inayozuia Manispaa ya Shinyanga, au halmashauri za Geita, Msalala na Kishapu, kupeleka swali kwenye mikutano ya mitaa na vijiji kabla ya kupitisha bajeti zao. Madiwani wanaweza kukubaliana kufuata jibu. Bunge linaweza kuja baadaye na kifungu chake, na humo humo likagusa mrabaha. Swali ningeliandika hivi, lisomwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, watu wanyooshe mikono na mtendaji ahesabu:

"Je, unakubali kwamba katika kila shilingi 100 ambazo halmashauri yako inakusanya kutoka vyanzo vyake vya ndani, shilingi 10 zitengwe kwa ajili ya chakula cha shuleni, lishe na malezi ya watoto wote wa halmashauri hii, kwamba asiyeweza kuchangia chakula mtoto wake ale, kwamba sehemu ya ushuru wa madini iwekwe kwenye mfuko ambao mtaji wake hautaguswa, na kwamba hesabu za fedha hizo zibandikwe kila baada ya miezi mitatu kwenye ubao wa kila shule?"